Habari Mbaya Zikufikie Mapema: Mwongozo kwa Msimamizi Mpya wa Kazi

Umepewa barua. Kuanzia mwezi ujao wewe ndiye msimamizi wa zamu kiwandani, au wa karakana, au wa wodi, au wa ghala, au wa jikoni hotelini. Mshahara umeongezeka kidogo, lawama zimeongezeka sana, na watu uliokuwa ukinywa nao chai jana sasa wanapunguza sauti ukipita. Hakuna aliyekufundisha kusimamia watu. Umepandishwa kwa sababu ulikuwa fundi mzuri, au una cheti, au aliyekuwepo kaondoka ghafla na nafasi ikahitaji mtu. Wasimamizi wengi wa Afrika Mashariki hupatikana hivyohivyo.

Ukiuliza sifa za msimamizi mzuri utatajiwa nyingi: awe mwadilifu, mvumilivu, mchapakazi, mwenye kujiamini, mwenye kuona mbali. Zote ni za kweli, lakini hazikusaidii sana, kwa kuwa kila mtu hujipima mwenyewe na kujipa alama za juu. Hata mkorofi hujiona mkali kwa faida ya kazi. Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja ambacho ni vigumu kujidanganya nacho: jambo likiharibika kwenye sehemu yako ya kazi, wewe unapata habari baada ya muda gani, na unaambiwa na nani?

Chukua mashine ya kujaza chupa. Saa nane usiku inaanza kutoa mlio usio wa kawaida na mwendeshaji ameusikia. Akiwa anakuamini, atamwita fundi wa zamu na kukupigia simu, mashine itasimama kwa muda mfupi, beringi itabadilishwa na kazi itaendelea. Akiwa anakuogopa, ataanza kupiga hesabu: nikisimamisha nitaulizwa kwa nini chupa zimepungua; nikinyamaza, huenda ikafika asubuhi na zamu inayoingia itajua yenyewe. Atanyamaza. Alfajiri beringi inakwama, shafti inakatika, uzalishaji wa siku mbili umepotea. Kwenye ripoti utaandika “hitilafu ya mashine”, na meneja atakubali. Lakini hitilafu hiyo ilianza zamani, siku ile ulipomfokea mwenzake mbele ya watu kwa kusimamisha mashine hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, upole, haki, ujuzi na ujasiri wa msimamizi vina kazi moja kubwa: kumwezesha mtu wa chini kabisa kukuletea habari mbaya bila kujiuliza itamgharimu nini. Sifa isiyokufikisha hapo ni pambo tu.

Gharama ya kuogopwa

Wapo watakaokuambia kwamba bila kuogopwa kazi haiendi. Waulize marubani. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Kulikuwa na ukungu mzito na mawasiliano ya redio yaliingiliana. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mwalimu wa marubani, mtu aliyeheshimika mno katika shirika lake. Alianza kuikimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa nyuma yake, akauliza kama ile ya Pan Am imeshaondoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, mashirika ya ndege yalibadilisha mafunzo yao. Tangu miaka ya 1980 marubani wamekuwa wakifundishwa jambo ambalo awali lingeonekana kama utovu wa adabu: mdogo arudie onyo lake mpaka lisikike, na mkubwa ajifunze kusikiliza. Hawakufanya hivyo kwa kupenda upole. Walifanya kwa sababu walikuwa wamezika watu.

Hospitalini nako lilionekana jambo la aina hiyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi, akitarajia kuona kwamba timu zinazoongozwa vizuri hukosea mara chache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zenye viongozi wazuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Alipochunguza zaidi akaelewa. Kwenye timu hizo watu walithubutu kusema wamekosea; kwenye nyingine makosa yalifichwa mpaka yakaonekana hayapo. Msimamizi anayejisifu kwamba “kwangu hakuna matatizo” ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kazini anayeficha maradhi mara nyingi ni yule aliyewahi kukemewa kwa kuyataja.

Kwetu woga wa kazini una historia ndefu. Wakati wa ukoloni, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, manamba, yaani vibarua wa mkataba, walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na nyapara alikuwa na uwezo wa kusema kazi ya leo haijatimia, siku isihesabiwe. Mtu mwenye uwezo wa namna hiyo haambiwi ukweli. Hubembelezwa na kudanganywa. Tabia hiyo haikuondoka na mkoloni. TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilipotoa Mwongozo wake mwaka 1971, kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakakishika kifungu hicho kwa mikono miwili. Miaka miwili iliyofuata viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilishuhudia wafanyakazi wakiweka zana chini, na mara nyingi lalamiko kubwa lilikuwa lugha chafu na dharau za wakubwa wa kazi kuliko mshahara. Naona somo hilo tumelisahau upesi mno. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo kwa miaka, lakini tusi alilotukanwa mbele ya wenzake atalisimulia hata baada ya kustaafu.

Dakika ya kwanza

Kijana anakuja mbio: “Bosi, samahani, toroli imepinduka, katoni zimepasuka.” Hapo ndipo usimamizi wako unapopimwa, kwa sababu wafanyakazi hawasomi sera ya kampuni iliyobandikwa ukutani. Wanasoma uso wako.

Swali lako la kwanza liwe: “Kuna aliyeumia?” La pili: “Sasa hivi tunafanya nini?” Jambo likishatulia ndipo uulize: “Ilikuwaje?” Swali la “nani kafanya?” liache mwisho kabisa, na mara nyingi utakapokuwa umeshajua ilikuwaje utaona halina kazi tena. Sakafu ilikuwa na mafuta. Gurudumu la toroli ni bovu na liliripotiwa mwezi uliopita. Kijana yuko zamu ya pili mfululizo kwa sababu mwenzake hakufika na wewe ndiye uliyemwomba abaki. Kisha mshukuru aliyekuletea habari, hata kama mkosaji ni yeye mwenyewe. Kumshukuru hakumfutii kosa. Kama kuna uzembe, hatua za nidhamu zitakuja kwa wakati wake na kwa utaratibu wake. Ila siku ya habari mbaya na siku ya adhabu zitenganishe, ili watu wasijifunze kwamba anayesema ndiye anayepigwa.

Kama wewe ni mtu wa hasira za karibu, usijidanganye kwamba utaacha kukasirika kwa sababu umesoma mwongozo huu. Jipatie njia ya kutokea. Sema, “Nipe dakika tano narudi,” kisha nenda kanawe uso. Ukishindwa ukafoka, omba radhi mbele ya walewale waliokusikia ukifoka. Wapo wasimamizi wanaomvuta mtu pembeni na kumnong’oneza samahani, huku aibu ya jana ikiwa imebaki palepale hadharani. Mtu uliyemvunjia heshima mbele ya watu, mrudishie mbele ya watu.

Na habari ikishaletwa, irudishie jibu. Hapa ndipo wasimamizi wengi wenye roho nzuri wanapoanguka. Hawafoki, wanasikiliza kwa adabu, wanatikisa kichwa, halafu hakuna kinachotokea. Mtu akikuambia mara tatu kwamba feni ya jikoni haivuti moshi na hakuna kilichobadilika, siku gesi ikivuja atafungua dirisha tu aendelee kukaanga. Weka daftari dogo mfukoni. Andika jambo, tarehe, aliyelileta na ulichofanya. Kabla zamu haijaisha mrudie: “Ile feni nimemwandikia meneja, fundi anakuja Alhamisi.” Hata jibu la “wamekataa, sababu wamesema bajeti haipo” ni jibu. Kimya ndicho kinachofunga midomo ya watu.

Shikamoo na amri

Una miaka ishirini na saba, una stashahada ya ufundi, na unasimamia mchomeleaji ambaye ni rika la baba yako. Vyuoni jambo hili huguswa kidogo sana, na karakanani linaharibu kazi kila siku. Vijana wengi huangukia shimo moja kati ya mawili. Wengine hujaribu kuwa wakubwa kwa sauti: wanaacha salamu, wanaita watu kwa kidole, wanaamini tai au kofia nyeupe imewaongezea umri. Wengine humwogopa mzee kiasi kwamba hata akivunja utaratibu wa usalama wanatazama pembeni. Huyu wa pili anaonekana mwenye adabu, lakini anaweza kumpofusha mtu.

Heshima ya Kiswahili haikuzuii kutoa amri. Inakupa njia ya kuitoa. Sikiliza mazungumzo haya:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?”

“Salama kabisa. Mzee wangu, naomba tuvae kinga ya uso kabla hatujaendelea kuchomelea. Vijana wanakutazama wewe. Ukivaa, wote watavaa.”

“Ah, mwanangu, kazi hii naifanya tangu hujazaliwa.”

“Najua, mzee, nami najifunza kwako. Nataka ustaafu na macho yako mazima. Nakusubiri uvae, kisha tuendelee.”

Kijana huyu hakupandisha sauti, hakuondoa neno “mzee”, wala hakuondoka. Amesimama palepale mpaka kinga ivaliwe, na kusimama kwake ndiyo amri. Angesema maneno yote hayo mazuri kisha akaenda zake, mzee angeendelea kuchomelea kwa macho matupu na karakana nzima ingeelewa kwamba sheria za huyu kijana ni maneno tu.

Desturi hutofautiana. Zanzibar ukianza kutoa maagizo kabla salamu hazijakamilika, umeshaharibu asubuhi ya watu. Kwenye mjengo Nairobi salamu ni fupi na maelekezo ni mafupi, na anayezunguka sana huonekana anaficha kitu. Jifunze pa kwako. Kinachofanana kila mahali ni kwamba mtu mzima hukosolewa faragha. Mwite kando, mwambie kosa moja, siyo orodha ya miezi sita, umwachie nafasi ya kujieleza, kisha mwagane vizuri. Hadharani baki na sifa, na sifa nazo ziwe za jambo mahususi. “Nyote mnafanya kazi nzuri” haimfikii mtu. “Ghala la nyuma leo limepangwa ukaona kila kitu ukiwa mlangoni, nani kalipanga?” inamfikia aliyelipanga.

Kwa dada anayesimamia wanaume nina neno moja zaidi. Utaitwa “dada” kwa upole unaotaka kukupunguza, na utaona agizo lako likipelekwa kwa mwanamume mwingine “kuthibitishwa”. Usijaribu kuwashinda kwa kufoka kama walivyofoka waliokutangulia. Simamia kipimo kilichoandikwa: muda, idadi, ubora, usalama. Na mwanamume huyo aliyetafutwa athibitishe, kama ana akili ya uongozi, awarudishe kwako kwa maneno machache: “Muulizeni msimamizi wenu.”

Haki hupimwa kwenye ratiba

Watu watakuhukumu kwa ratiba ya zamu kabla ya jambo jingine lolote. Nani analala kazini usiku wa Idi? Nani yuko zamu Krismasi, na je, ndiye yuleyule wa mwaka jana? Ovataimu yenye hela inakwenda kwa nani, na ile ya kubeba mizigo mvuani inakwenda kwa nani? Bandika ratiba mapema, ionekane na wote, na mtu anayeomba kubadilishana zamu afanye hivyo kwa maandishi mafupi. Upendeleo hustawi pale ambapo ratiba iko kichwani mwa msimamizi.

Sheria nayo uijue kwa namba, usitegemee ya kusikia. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Ovataimu huwa kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Ya uzazi siku 84, au 100 akizaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Na mama anayenyonyesha hupewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya sheria yake ya mwaka 2007 inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Ukimnyima mama saa zake za kunyonyesha kwa sababu hukuzijua, umemdhulumu vilevile kama ungezijua.

Kuna dhuluma nyingine ambazo kila mtu anazijua na wachache wanazisema. Kwenye malango ya viwanda, bandarini na kwenye ujenzi, kibarua wa siku huitwa kazini na msimamizi, na wako wasimamizi wanaomkata sehemu ya ujira wake ndipo wamwite kesho. Wako pia wanaodai mwili wa mwanamke ili apate kazi au zamu nzuri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Nalisema hili katika mwongozo wa sifa za msimamizi kwa sababu nimechoka kusoma orodha za sifa zinazozungumzia “mawasiliano mazuri” na kuruka jambo hili. Mtu anayefanya hivyo hana sifa ya kuboreshwa. Anatakiwa kuondolewa, na wewe msimamizi mwenzake unayejua unatakiwa kusema.

Ijue kazi, uweze kuifundisha

Si lazima uwe fundi bora kuliko wote, lakini lazima uijue kazi kiasi cha kutambua uongo kuhusu kazi hiyo. Nenda ilipo. Msimamizi anayeshinda ofisini huletewa kazi iliyokwisha kusafishwa kwa ajili ya macho yake.

Kufundisha ni sifa inayodharauliwa kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipokea umati wa wafanyakazi wapya, na serikali ikaendesha mafunzo mafupi kwa wasimamizi zaidi ya milioni moja. Sehemu moja ya mafunzo hayo ilikuwa hatua nne za kumfundisha mtu kazi, na mpaka leo sijaona zilizozipita: mtulize na ujue anajua nini tayari; mwonyeshe kazi hatua kwa hatua ukieleza kwa nini kila hatua iko hivyo; mwache aifanye yeye huku akikueleza; kisha mwache peke yake, lakini umwambie amuulize nani akikwama, na urudi kumtazama. Wasimamizi wetu wengi hufanya hatua ya pili peke yake, tena kwa haraka, wakamaliza kwa “umeelewa?” Hakuna mgeni anayejibu hapana.

Baada ya vita mafunzo hayo yalivuka hadi Japani, Toyota wakayachukua. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro ana haki ya kuvuta kamba ya kuomba msaada, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari mzima husimama. Kiongozi wa timu hufika kumsaidia. Hafiki kumgombeza. Ninakutaka uwe na kamba ya namna hiyo mahali pako pa kazi, hata kama ni namba ya simu tu inayopokelewa saa nane usiku bila mguno.

Habari mbaya za kupeleka juu

Wewe nawe una bosi. Kama unataka walio chini wakuambie ukweli wakati wewe unampikia meneja ripoti tamu, watakugundua mapema. Vijana wa siku hizi wana jina la mtu wa aina hiyo, wanamwita chawa, na msimamizi akishaitwa hivyo hakuna tena anayemwamini.

Meneja akisema mzigo uondoke leo na forklifti haina breki, peleka habari kwa mpangilio huu: jambo lenyewe, madhara yake, na unachopendekeza. “Forklifti namba mbili haina breki. Ikiendelea kufanya kazi inaweza kumgonga mtu kwenye mlango wa kupakilia. Naomba tutumie ile moja iliyobaki na tuongeze watu wanne hadi saa moja usiku; gari la pili litaondoka kesho asubuhi.” Hapo umempa uamuzi wa kufanya, hukumpa kilio. Akikataa, mwandikie. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ina hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Msimamizi anayesubiri mfanyakazi wake afikie hatua ya kujiokoa mwenyewe amechelewa.

Adhabu, ile niliyosema uitenganishe na siku ya habari mbaya, nayo ina utaratibu. Tanzania Bara, kuachishwa kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, na anayeona ameonewa ana siku 30 za kufungua mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe kosa na asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo andika tarehe, andika ulichokiona kwa macho yako, acha ulichosimuliwa na wapiga majungu, na umsikilize mtu kabla hujaamua. Na kosa lililompa huyu onyo la maandishi limpe hilohilo hata shemeji yako.

Kuhusu marafiki wa jana, waambie mapema, uso kwa uso, kwamba kazini utawatendea kama wengine. Wengine watanuna, kisha watazoea. Usikope fedha kwa unaowasimamia wala usiwakopeshe. Lakini msiba wa mfanyakazi wako usiukose. Sheria ya Tanzania Bara inampa aliyefiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu, babu, bibi au mjukuu likizo ya malipo ya angalau siku nne. Mpe bila kumfanya aombe mara mbili, halafu nenda ukakae naye kwenye mkeka. Wenzake wataona umefika.

Sasa lifanye jambo hili wiki yako ya kwanza. Mtafute mtu mwenye cheo kidogo kuliko wote kwenye zamu yako, mfagizi au saidia fundi au kibarua, msalimie vizuri, mkae mahali pasipo na watu, umuulize: “Kitu gani hapa kitaharibika karibuni ambacho mimi sijakijua?” Kisha nyamaza. Atasema hakuna. Subiri, au rudi kesho umuulize tena. Siku atakapokutajia kitu, kishughulikie siku hiyohiyo, umrudie kumwambia umekifanyia nini.